Sindromu ya Angelman: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Walezi wa Moshi

Maelezo haya yamekusudiwa wazazi, mabibi na mababu, walimu na wahudumu wa zahanati wa Moshi mjini na vijijini, pamoja na Hai, Rombo, Siha, Mwanga na Same, wanaoishi na mtoto mwenye sindromu ya Angelman au anayedhaniwa kuwa nayo. Baadhi ya maswali ni yale yanayoulizwa waziwazi kwa daktari, na mengine ni yale ambayo watu huulizana kwenye benchi la kliniki daktari akishatoka. Majibu hayachukui nafasi ya vipimo wala ushauri wa mtaalamu anayemwona mtoto mwenyewe.

Sindromu ya Angelman ni nini hasa?

Ni hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji na utendaji wa ubongo. Chanzo chake ni kukosekana kwa kazi ya jeni moja (jeni ni kipande cha maelekezo ya urithi ndani ya seli) iitwayo UBE3A, iliyomo katika kromosomu ya 15, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Daktari wa watoto wa Uingereza, Harry Angelman, aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1965 baada ya kuwaona watoto watatu wasio ndugu ambao walifanana mno kwa mwendo, kicheko na kutosema. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1997. Inakadiriwa kwamba mtoto mmoja kati ya 12,000 hadi 20,000 huzaliwa na hali hii, wa kike kwa wa kiume, katika mataifa yote. Tukichukua makadirio hayo na kuyaweka juu ya Mkoa wa Kilimanjaro, wenye watu zaidi ya milioni 1.8, tunatarajia watu kama 90 hadi 150 wenye hali hii, na wengi wao pengine hawajawahi kusikia jina lake.

Dalili zake zinaonekana lini?

Mimba huwa ya kawaida na mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa kawaida, ndiyo maana miezi ya kwanza haileti wasiwasi mkubwa, isipokuwa kwa baadhi ya watoto wanaoshindwa kunyonya vizuri au wanaotapika maziwa mara kwa mara. Kati ya miezi sita na kumi na miwili mama huanza kuona kwamba mwenzake aliyejifungua wiki moja naye ana mtoto anayekaa, wakati wa kwake bado anaanguka pembeni. Baadaye huonekana mambo manne ambayo karibu kila mtoto mwenye hali hii anayo: kuchelewa sana katika hatua zote za ukuaji; kutosema, au kusema maneno machache tu; mwendo usio na uwiano, miguu ikiwa imepanuka na mikono imeinuliwa ikiwa imekunjwa viwikoni; na tabia ya uchangamfu, kucheka kwa wepesi na kupungapunga mikono. Wengi pia hupata kifafa kabla ya kutimiza miaka mitatu, kichwa hukua polepole kuliko cha wenzao, usingizi huwa haba, mate hutiririka, na kila kitu hutiwa mdomoni.

Jambo moja la kuangalia ni kwamba mtoto wa Angelman huchelewa lakini kwa kawaida hapotezi alichokwisha kujifunza. Ikiwa mtoto alikuwa akisema au akitumia mikono yake vizuri kisha akaacha, daktari aelezwe hivyo bila kuchelewa, kwa sababu dalili hiyo huelekeza kwenye magonjwa mengine.

Tuliambiwa ana mtindio wa ubongo. Mtaa wa pili wanasema ni usonji. Tumwamini nani?

Hali hizi tatu huchanganywa mara nyingi, na si kwa uzembe. Mtoto anayechelewa kukaa, mwenye misuli iliyolegea na mwendo wa kuyumba, hufanana sana na mwenye mtindio wa ubongo. Hata hivyo, mtindio wa ubongo mara nyingi una historia nyuma yake, kama vile kuzaliwa kwa shida, kuzaliwa njiti, manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Pale ambapo uzazi ulikuwa salama, picha ya ubongo haina jeraha, mtoto hasemi kabisa, na bado anacheka na kila mtu, inafaa kuuliza kuhusu Angelman. Kwa upande wa usonji, watoto wengi wa Angelman hupunga mikono na hawasemi, lakini huwatafuta watu, huwakumbatia na hupenda kutazamwa usoni.

Wapo wanaouliza jina jipya litasaidia nini ikiwa tiba ya kuondoa hali yenyewe haipo. Kwa maoni yangu linasaidia sana, kwa sababu tatu ambazo zimeelezwa zaidi hapa chini: linabadilisha uchaguzi wa dawa za kifafa, linaonya juu ya hatari ambazo familia isingezitarajia, na linafunga mjadala wa nani alisababisha.

Hupimwaje, na tuanzie wapi kwa hapa Moshi?

Anzeni katika kituo mnachohudhuria kliniki, mkiwa na kadi ya mtoto, kwa sababu mstari wa ukuaji na tarehe za hatua zake vina thamani kubwa kuliko maelezo ya kukumbuka. Kutoka hapo ombeni rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa watoto katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mawenzi, au moja kwa moja hospitali ya rufaa ya KCMC ikiwa mtoto ana degedege. Kama mna simu, mrekodini mtoto akitembea, akicheka na hasa akiwa katika mshtuko (yaani degedege au kifafa kikimshika), kwani daktari anayemwona kwa dakika chache ofisini anaweza asione lolote kati ya hayo.

Daktari anaweza kuagiza kipimo cha umeme wa ubongo, kiitwacho EEG, ambacho kwa watoto hawa huonyesha mawimbi ya namna inayotambulikana hata kabla kifafa hakijaanza. Kipimo cha kuthibitisha ni cha damu, na cha kwanza kuombwa huwa kile kinachochunguza alama za kikemikali zilizo juu ya kromosomu ya 15, yaani metilesheni. Hicho hubaini karibu watoto wanane kati ya kumi wenye hali hii. Kikiwa na majibu ya kawaida na dalili bado ni zilezile, hufuata uchunguzi wa jeni ya UBE3A yenyewe. Vipimo hivi si vya kila maabara, na sampuli huweza kulazimika kusafirishwa mbali, kwa hiyo ulizeni mapema gharama, muda wa kusubiri, na kama bima yenu inahusika. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi mwenye dalili zote hukosa jibu hata baada ya vipimo vyote. Huyo naye anastahili huduma zilezile.

Mawifi wanasema kosa ni la mama, kwa sababu daktari ametaja "upande wa mama". Ni kweli?

Si kweli, na swali hili linahitaji jibu la kina kwa kuwa limeshavunja nyumba.

Kila mtu ana nakala mbili za kromosomu ya 15, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Jeni nyingi hufanya kazi katika nakala zote mbili. UBE3A ni tofauti: katika seli za neva za ubongo wa kila binadamu, awe mzima au mgonjwa, nakala ya baba huwa imezimwa, na kazi yote hufanywa na nakala ya mama. Hivyo ndivyo maumbile yalivyo kwa mimi na wewe. Kwa hiyo nakala ya mama ikikosekana au ikiharibika, hakuna ya kuisaidia.

Katika takriban watoto saba kati ya kumi, kilichotokea ni kwamba kipande kidogo cha kromosomu kilikatika wakati yai lilipokuwa likitengenezwa. Ni ajali ya seli. Haisababishwi na chakula ambacho mama alikula, kazi aliyofanya shambani, dawa za uzazi wa mpango, ugomvi wa ndani ya ndoa, mahari ambayo haikumalizika wala jicho la jirani, na mama hakuweza kuizuia. Kwa watoto wachache, mtoto alipokea nakala zote mbili kutoka kwa baba na hakupata hata moja ya mama. Ukisikia hivyo usianze sasa kumlaumu baba, maana hiyo nayo ni ajali ya aina ileile. Wachache wengine wana nakala ya mama iliyo kamili lakini imewekewa alama ya kuzimwa kana kwamba ni ya baba. Na takriban mmoja kati ya kumi ana hitilafu ndani ya jeni yenyewe.

Hapo kwenye hitilafu ya jeni pana jambo linalowashangaza wengi. Mwanamume anaweza kuibeba hitilafu hiyo bila kuugua na bila mtoto wake yeyote kuugua, kwa kuwa nakala inayotoka kwa baba imezimwa tangu mwanzo. Binti yake akiirithi naye hataugua. Watakaokuwa hatarini ni watoto wa huyo binti. Yaani hitilafu inaweza kushuka kimya kupitia wanaume wa ukoo kwa vizazi, kisha ikaonekana kwa mjukuu, na watu wakamnyooshea kidole mama yake aliyeipokea kutoka kwa baba yake mzazi. Daktari akiweza kuwaita baba, mama na angalau mkubwa mmoja wa kila upande akawaeleza jambo hili pamoja, mara nyingi maneno hupungua. Ikishindikana, afisa ustawi wa jamii wa hospitali aombwe kulisimamia.

Mtoto wetu ni mweupe kuliko sisi sote. Watu wanazungumza.

Waacheni wazungumze, lakini mjue sababu. Karibu na UBE3A, katika kipande kilekile cha kromosomu ya 15, ipo jeni nyingine iitwayo OCA2, inayohusika na rangi ya ngozi, nywele na macho. Kipande kinapokatika, mara nyingi jeni hizo mbili huondoka pamoja, na mtoto hubaki na nakala moja tu ya OCA2. Matokeo yake huwa na ngozi na nywele nyepesi kuliko za wazazi na ndugu zake. Weupe huo hausemi lolote kuhusu uaminifu wa mama.

Kwa hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kulichukulia suala hili kwa uzito. Ualbino ulio wa kawaida zaidi Afrika Mashariki hutokana na jeni hiyohiyo ya OCA2, na watu wengi wanaibeba bila kujua. Mtoto aliyekatikiwa na kipande kutoka kwa mama, akapokea kutoka kwa baba nakala ya OCA2 yenye hitilafu, atakuwa na Angelman na ualbino kwa pamoja. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kupimwa macho, kuvaa kofia pana na mikono mirefu, na kupakwa mafuta ya kukinga jua. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC ndicho kilipoanzia utengenezaji wa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa hiyo mahali pa kuulizia hapako mbali.

Tukizaa tena, mtoto atakuwa hivi?

Inategemea aina. Kwa kipande kilichokatika, au nakala mbili za baba, uwezekano wa kurudia kwa kawaida uko chini ya asilimia moja. Kama mama amebeba hitilafu ya UBE3A, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 50, na dada zake mama nao washauriwe kupima. Ndiyo maana haitoshi kuambiwa "ni Angelman". Ulizeni ni aina ipi, na muitunze karatasi ya majibu.

Anapata degedege. Je, ni malaria, ni kifafa, au ni hali yenyewe?

Inaweza kuwa lolote kati ya hayo, na wakati mwingine mawili kwa pamoja. Zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wenye Angelman hupata kifafa, na homa huwafanya wapate mishtuko kwa urahisi. Lakini mtoto anayeishi ukanda wa chini, kama Kahe au Mabogini, anaweza pia kuwa na malaria, na kuwa na Angelman hakumkingi. Kila homa yenye degedege ipimwe malaria siku hiyohiyo, bila kusema "ni ile hali yake".

Mishtuko ya watoto hawa si lazima iwe ile ya kuanguka na kukakamaa. Wengi huduwaa kwa sekunde chache, wakapepesa macho, kisha wakaendelea. Wengine hudondosha kichwa ghafla, au hushtuka mikono kama waliotishwa. Ipo pia hali ambayo wazazi wengi huikosa: mtoto anakuwa mzito kwa saa nyingi au hata siku kadhaa, anadenda kuliko kawaida, anashindwa kukaa wakati alishaweza, hacheki, hataki chakula. Huenda ubongo wake uko katika mshtuko usiokoma na usioonekana kwa nje. Hiyo ni dharura, apelekwe hospitali yenye daktari wa watoto.

Akipata mshtuko wa kukakamaa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, legezeni nguo shingoni, na mtazame saa. Msimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni, na msimnusishe vitu vyenye harufu kali. Ukizidi dakika tano, au ukirudia kabla hajapata fahamu, mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Kuhusu dawa, hapa ndipo jina la ugonjwa linapofanya kazi. Kabamazepini, ambayo ni dawa nzuri kwa aina nyingine nyingi za kifafa na inapatikana kwa urahisi katika vituo vyetu, inaweza kuzidisha mishtuko ya watoto wenye Angelman. Vigabatrini nayo ni hivyohivyo. Fenobabitoni, ambayo hutolewa hata zahanati kwa sababu ni ya bei nafuu, huweza kumfanya mtoto ambaye tayari hatulii azidi kuhangaika au awe mzito wa kujifunza. Madaktari hupendelea zaidi levetirasetamu, klobazamu, klonazepamu au valproeti, kila moja ikiwa na faida na madhara yake. Lakini tafadhali: mtoto aliyekwisha anza dawa yoyote kati ya hizi asiachishwe ghafla kwa sababu ya kusoma maelezo haya. Kukatisha dawa ya kifafa kwa siku moja kunaweza kuleta mishtuko mikali kuliko ile ya awali. Nendeni na swali kwa daktari, naye atabadilisha polepole.

Jambo dogo kuhusu Desemba. Familia nyingi zinazorudi nyumbani Marangu, Kibosho au Rombo kwa sikukuu husafiri usiku kucha, mtoto hakulala, ratiba ya dawa imevurugika, na chupa imebaki Dar es Salaam. Kukosa usingizi na kukosa dozi ndivyo vichocheo vikubwa vya mshtuko. Nunueni dawa ya wiki mbili za ziada kabla ya safari, kwa kuwa duka la dawa la kijijini huenda lisiwe nayo.

Mate na povu lake vinaambukiza?

Havikuambukizi kifafa wala Angelman. Mtoto anaweza kula, kulala na kucheza na wenzake, na anayemshika wakati wa mshtuko hapati madhara yoyote.

Alicheka msibani mpaka tukatolewa nje. Anafanya makusudi?

Hapana. Kicheko chake hakitoki mahali ambapo chetu kinatoka. Watoto hawa hufurahia watu kwa dhati, hilo ni kweli, lakini ubongo wao pia hutoa kicheko wanapokuwa na wasiwasi, wanaposhtushwa na kelele, na hata wanapoumwa. Kilio cha watu wengi kwa pamoja kinaweza kumchochea kucheka bila yeye kuweza kujizuia. Ni vyema mkubwa mmoja wa ukoo awaeleze waombolezaji mapema, na mtoto akae pembeni na mtu anayemzoea kwa muda mfupi tu, badala ya kufichwa nyumbani kila kunapokuwa na shughuli.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa kiafya. Mtoto anayecheka huku anagoma kula, anajigonga kichwa, anashika sikio au hataki kukanyagia mguu mmoja, achunguzwe kama mtoto anayelia. Jino bovu, sikio lenye usaha, kiungulia na choo kigumu ndivyo vinavyosahaulika zaidi, kwa sababu tu uso wake unaonekana una furaha.

Kwa nini anakimbilia maji?

Mvuto wa maji ni mojawapo ya tabia zinazojulikana sana za Angelman. Mtoto hupenda maji ya bomba, ndoo, madimbwi, na vitu vinavyong'aa au kutoa sauti ya kuchakarika kama karatasi za plastiki. Ukiwa ndani ya beseni la kuogea, mvuto huo ni zawadi: anatulia, anacheka, na ni wakati mzuri wa kumfundisha kuomba "tena" kwa ishara ya mkono.

Nje ya nyumba ni hatari kubwa, na kwa mazingira yetu naiweka sambamba na kifafa. Vihamba vingi vya mlimani, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vinapitiwa na mifongo, ile mifereji ya asili ya umwagiliaji, na maji hufunguliwa kwa zamu, hivyo mfereji uliokuwa mkavu asubuhi unaweza kujaa jioni bila mtu wa nyumbani kukumbuka. Upareni kuna ndiva, yaani mabwawa madogo ya asili ya kuhifadhi maji, na ukanda wa chini kuna mifereji ya mashamba ya mpunga na miwa. Mtoto huyu hatambui kina, hawezi kupiga kelele za kuomba msaada, na anaweza kupata mshtuko akiwa ndani ya maji. Maji yanayofika kifundo cha mguu yanatosha kumzamisha. Wekeni uzio wa miti au wavu upande wa mfongo, geti lenye komeo la juu, ndoo zote zifunikwe au zimwagwe, na majirani wanaoishi kando ya mfereji waambiwe kwamba wakimwona peke yake wamshike kwanza ndipo waulize. Akipotea, tafuteni kwenye maji kabla ya kwenda barabarani.

Halali. Saa nane za usiku yuko macho anacheka, na sisi tuna kazi asubuhi.

Upungufu wa usingizi ni sehemu ya hali yenyewe, na kwa watoto wengi hupungua kadiri wanavyokua. Zinazosaidia ni ratiba isiyobadilika, mwanga mdogo na kuzimwa kwa televisheni mapema jioni, na kumrudisha kitandani bila mazungumzo wala mchezo kila anapoamka. Godoro liwekwe chini, na chumba kisiwe na nyaya, jiko wala taa ya mafuta, ili hata akiwa macho asidhurike. Daktari anaweza kufikiria melatonini kwa kipimo kidogo. Msimpe dawa za mzio au za kikohozi ili alale. Wazazi wapokezane. Mama anayekesha peke yake kwa miaka anaugua, na kijana wa ukoo au shangazi anayechukua usiku mmoja kwa wiki anafanya kazi kubwa kuliko anayeleta zawadi.

Atatembea? Ataongea?

Watoto wengi wa Angelman hutembea wenyewe, mara nyingi kati ya miaka miwili na nusu na sita, ingawa takriban mmoja kati ya kumi hatafikia hapo. Mazoezi ya viungo yanasaidia, na Moshi ina bahati ambayo mikoa mingi haina: katika eneo la KCMC kuna mafunzo ya fiziotherapia na ya tiba kazi, na kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Vishikizo vya kifundo cha mguu au kiti cha magurudumu kilichopimwa mwili wa mtoto vinaweza kuulizwa hapo. Mgongo nao ufuatiliwe kila mwaka, hasa anapokaribia balehe, kwa sababu huweza kupinda.

Kuongea kwa kinywa ni tofauti. Wengi hawatasema zaidi ya maneno machache maisha yao yote. Lakini wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kusema, na hilo ndilo kosa la kawaida la watu wazima: kumjadili mtoto mbele yake kana kwamba hayupo. Mzungumzisheni kwa lugha mnayotumia nyumbani, Kiswahili au Kichaga, kwa sentensi fupi. Tengenezeni ubao wenye picha halisi za vitu vyake: kikombe chake, uji, choo, bibi, mpira, na picha ya "sitaki". Kila anayempa uji aguse picha ya uji kwanza, siku zote, kwa miezi, hata kama yeye haigusi. Simu au kishikwambi vinaweza kutumika, ila ubao uliofunikwa plastiki haumaliziki chaji na hauogopi mate.

Ale nini?

Chakula cha nyumbani. Wanaopaliwa wapewe vyakula laini na vizito kama mtori au uji mzito, wakiwa wamekaa wima na kidevu hakijainuliwa juu. Anayepaliwa kila mlo au anayepata nimonia mara kwa mara achunguzwe umezaji wake.

Shule itampokea?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinamtambulia haki ya elimu bila ubaguzi, hivyo mwalimu mkuu hawezi kusema tu "huyu si wa hapa". Njia iliyo nyepesi ni kumwona afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu ili mtoto apimwe na kuelekezwa kwenye shule ya msingi yenye kitengo kinachomfaa. Semeni ukweli kuhusu kifafa tangu siku ya kwanza. Mwalimu aliyefichwa hatajua la kufanya. Na malengo yawe ya kweli: kwenda choo kwa ratiba, kuvaa shati, kuchagua kati ya picha mbili, kukaa na wenzake dakika kumi. Mtoto aliyejifunza kwenda choo amempunguzia mlezi wake mzigo ambao hakuna hesabu ya kujumlisha ingeupunguza.

Kuna tiba? Tumeambiwa kuna mtu anatibu.

Kwa sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuondoa Angelman. Utafiti unaoleta matumaini zaidi unajaribu kuamsha ile nakala ya baba iliyozimwa, kwa dawa zinazochomwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na majaribio kwa watoto yanaendelea nje ya nchi. Kinachotibika leo ni kifafa, usingizi, kiungulia, mgongo na uwezo wa kuwasiliana, na hayo si madogo.

Kuhusu waganga na maombi, hakuna haja ya kugombana na bibi anayetaka mtoto aombewe. Mpaka uwekwe kwenye mambo mawili: asichanjwe chale wala kunyweshwa kitu kisichojulikana, na dawa za kifafa zisisimamishwe hata siku moja. Wakazi wa mikoa hii wanakumbuka misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011, na wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili ya kikombe cha dawa ya mitishamba. Anayewataka muuze ng'ombe au kipande cha kihamba ili amponye mtoto kwa jumla, mwondokeeni.

Akikua itakuwaje?

Umri wake wa kuishi unakaribia wa watu wengine. Akiwa kijana, uhangaikaji hupungua, usingizi huwa bora, na kifafa kwa wengi hutulia ingawa huweza kurudi. Unene, choo kigumu na kukakamaa kwa viungo huongezeka, kwa hiyo kutembea kila siku kunabaki kuwa muhimu. Balehe huja kwa wakati wake. Msichana atapata hedhi na atahitaji kufundishwa utaratibu wa usafi kwa picha, na wote, wa kike na wa kiume, wanahitaji kulindwa dhidi ya wanaojua kwamba hawawezi kusimulia walichofanyiwa.

Atahitaji msimamizi maisha yake yote. Nani atakuwa huyo ni jambo la kuzungumzwa na ukoo wazazi wangali hai na wenye nguvu, pamoja na sehemu yake katika kihamba, na kuandikwa mbele ya mashahidi badala ya kuachwa kwa dada mkubwa kana kwamba ameshakubali. Karatasi hiyo iambatane na nyingine moja, iwekwe ndani ya begi lake: jina la hali yake na aina yake, dawa anazotumia na dozi, dawa asizopaswa kupewa, namna anavyoonyesha maumivu, na namba za simu za watu wawili.